Tishu Ikitoka Mbichi: Kuisoma Mashine ya Kuchakata Tishu Katika Maabara ya Malindi

Asubuhi unafungua mashine, unatoa kaseti ya kwanza, kile kisanduku kidogo cha plastiki kinachobeba tishu ya mgonjwa, unaibonyeza tishu kwa koleo nayo inabonyea kama ubongo. Mkono unakimbilia simu kumwita fundi. Usipige simu bado, na usikate bloku nyingine yoyote, yaani tishu iliyogandishwa ndani ya nta. Fundi akija kutoka Mombasa atabadilisha fyuzi au vali, atatia saini kwenye daftari na kuondoka, na kesho huenda tishu ikatoka mbichi vilevile kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye mashine.

Mashine ndiyo husingiziwa kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokesha na tishu sisi tukiwa tumelala. Lakini katika miaka niliyofanya kazi ya histolojia, ya kuandaa tishu kwa darubini, hapa Malindi, kasoro nyingi nilizozifuatilia hadi mwisho wake nilizikuta katika mambo mawili: tishu iliyoingia kwenye kaseti ikiwa haijaiva kwa formalini, au dawa zilizochoka ndani ya chupa. Mashine yenyewe ilikuwa ya tatu. Ninamwandikia mwenzangu aliye peke yake zamu ya asubuhi, mwenye kapu zima la kaseti mbele yake na daktari wa patholojia anayeulizia slaidi. Kinofu cha ini kilichotolewa kwa sindano hakitolewi tena kirahisi. Kwa hiyo tufikiri kabla ya kugusa.

Kumbuka safari yenyewe. Formalini inakaza tishu. Alkoholi inayopanda daraja kwa daraja, 70%, 80%, 95% hadi ile kamili, inatoa maji. Zailini inatoa alkoholi na kuifungulia nta njia. Nta ya moto inajaza nafasi iliyobaki. Zailini haipatani na maji, na nta haipatani na alkoholi, kwa hiyo hatua moja ikiharibika zinazofuata haziwezi kuirekebisha, hata mashine iwe imetoka kwenye boksi jana.

Hesabu kaseti kwanza

Panga kaseti zote mezani kwenye trei na ujiulize: mbaya ni ngapi, na ni zipi?

Ikiwa ni moja au mbili kati ya sitini, iache mashine. Tazama unene wa kipande, tazama kama kilibanwa ndani ya kaseti hadi dawa ikakosa pa kupita, kisha tazama kilifika maabara vipi. Ikiwa mbaya ni za aina moja tu, kwa mfano matiti yenye mafuta ndiyo laini ilhali vizazi viko sawa, basi programu haikuwapa mafuta muda wa kutosha. Ikiwa vinofu vidogo ndivyo vigumu na vipande vikubwa ni vizuri, mambo yamegeuka: umevipikia vidogo kwa saa za vikubwa.

Ikiwa ni kapu zima, hapo shuku dawa, mpangilio wa chupa, joto au stima. Na kuna dalili moja ambayo watu huipita: kaseti za safu ya juu ndizo mbaya, za chini ni nzuri. Hiyo ni dawa haikufika juu. Labda chupa zilijazwa chini ya alama, labda kapu lilipakiwa kupita kiasi, na kwa mashine ya mzunguko, ile inayobeba kapu kutoka kikombe hadi kikombe, labda mkono haushuki hadi mwisho. Ndiyo maana nakataza kaseti kumwagwa ovyo mezani kabla ya kuandika kila moja ilikaa safu gani. Ukizichanganya umepoteza ushahidi.

Tishu laini, au inazama ndani ya nta

Hii ndiyo malalamiko ya kila siku na ndiyo yenye sababu nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chukua bloku moja mbaya na uikate kidogo uso wake. Nusa. Kama inanukia zailini, maji yalitoka ila nta haikuingia vya kutosha: bakuli za nta zimejaa zailini, au muda wa nta ni mfupi, au mashine haikuvuta hewa. Chota tone la nta kutoka bakuli la mwisho, liache ligande kwenye kioo, ulivunje kwa kidole. Nta nzuri inavunjika kavu. Iliyojaa zailini inapinda na kuacha ute wa mafuta.

Kama hainukii zailini lakini katikati ni nyeupe, yenye unyevu, na kesho yake uso wa tishu umezama chini ya uso wa nta, hayo ni maji. Nenda kwenye alkoholi zako. Hapa pwani alkoholi kamili haibaki kamili. Inanywa unyevu wa hewa, na miezi ya masika, kuanzia Aprili hadi Juni, hewa yetu ina maji ya kutosha kulowesha karatasi mezani. Jerikeni iliyofunguliwa Jumatatu na kuachwa kifuniko kikiwa kimelegea si ile ile Ijumaa. Vikombe vya mashine ya mzunguko ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu vifuniko vyake havibani.

Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya alkoholi, lakini angalia joto. Haidromita nyingi za alkoholi zimepimwa kwa nyuzi 20, na chumba chetu kiyoyozi kikizimwa kinafika 30 bila shida. Alkoholi ya moto ni nyepesi, kwa hiyo kipimo kinazama zaidi na kusoma asilimia ya juu kuliko ukweli. Nimewahi kuridhika na alkoholi mbovu kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi ninaiweka sampuli kwenye maji baridi hadi ishuke nyuzi 20, ndipo ninapima.

Njia nyingine ni mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, uliokaushwa maji yake. Ukiwa mkavu ni unga mweupe. Tia chembe kidogo kwenye alkoholi inayodaiwa kuwa kamili. Ikigeuka buluu, kuna maji. Uhifadhi kwenye chupa inayobana sana, la sivyo hewa ya bahari itaugeuza buluu kabla hujautumia. Zailini haihitaji kipimo: ikiwa na weupe kama maji ya mchele, maji yamevuka hadi huko, na alkoholi ya mwisho imekufa siku nyingi.

Sasa tabia moja ninayoipinga kwa nguvu zangu zote, nayo ni kuongezea. Chupa imepungua, mtu anamimina alkoholi mpya juu ya kuukuu hadi alama, na daftari linasema "sawa". Kilichofanyika ni kuficha uchafu. Chupa ya kwanza ya kila kundi ndiyo iliyobeba mzigo, hiyo imwagwe kwenye pipa la taka za kemikali. Za nyuma yake zisogezwe mbele hatua moja, na mpya iingie mwisho. Na hesabu ya kubadilisha iwe kwa idadi ya kaseti zilizopita. Wiki ya kambi ya upasuaji si sawa na wiki ya Idi, ingawa zote zina siku saba.

Kama katikati ya kipande ni pinki au nyekundu, laini na yenye harufu, simama. Hapo mashine haina kosa hata chembe. Formalini huingia kwenye tishu takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha kasi inapungua kadiri inavyozama ndani. Kipande cha milimita 3 hadi 4 kinaiva. Titi zima lisilopasuliwa haliivi.

Tulikuwa tukipokea matiti kutoka kituo kimoja upande wa Lamu. Safari yake ni mashua hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen hadi hapa, chini ya jua. Titi linafika limebanwa kwenye chombo cha mdomo mwembamba, formalini imelifunika nusu tu. Kila bloku ya katikati ilikuwa uji, na kila mara tulimwita fundi. Siku moja nikampigia muuguzi wa huko.

"Dada, shikamoo ya mbali. Haya matiti mnayatia kwenye chombo gani?"

"Kaka yangu, chombo ni hicho tulicho nacho. Sasa titi zima ningelitia wapi?"

"Ndoo ya lita kumi yenye kifuniko. Formalini iwe mara kumi ya tishu au zaidi, na mpasuaji alipasue kwanza, vipande kama vya mkate, visiachane upande wa ngozi."

"Kumbe ni hilo tu? Hakuna aliyetuambia."

Hakuna aliyewaambia, na kosa hilo lilikuwa letu. Ndoo zilipoanza kuja, uji uliisha, na mashine ni ile ile. Ukikata tishu mezani ukaona katikati bado ni mbichi, irudishe kwenye formalini mpya hadi kesho. Mweleze daktari sababu ya kuchelewa. Kuchelewa siku moja kunavumilika. Kipande kilichooza ndani ya kaseti hakirudi.

Tishu ngumu, inapasuka, ina mistari

Utepe unatoka kwenye mikrotomu, mashine ya kukata bloku vipande vyembamba, ukiwa na mistari iliyopangana kama miyaa ya mkeka, au kinofu kinang'oka na kuacha shimo. Kabla ya kulaumu mchakato, badilisha wembe, kaza vishikizo vyote, na ulaze uso wa bloku juu ya barafu yenye maji kwa dakika chache. Mistari ikiondoka, ilikuwa hiyo tu.

Isipoondoka, tishu imekaushwa kupita kiasi. Alkoholi kamili na zailini zikikaa na tishu saa nyingi zinatoa hata maji yale machache yanayoishikilia, na nta yenye joto kupita kiasi inamalizia kuioka. Nta nyingi za kazi hii huyeyuka karibu na nyuzi 56, nasi tunaiweka juu kidogo tu ya hapo. Usiamini namba ya kwenye kioo cha mashine. Tumbukiza kipimajoto chako ndani ya bakuli, subiri, soma. Nilikuta tofauti ya nyuzi tano kwenye mashine ambayo kioo chake kilisema kila kitu ni sawa, na vinofu vya tezi dume vilikuwa vikivunjika kama biskuti kwa wiki mbili.

Sababu nyingine ni Ijumaa. Kapu linawekwa mchana, programu ya usiku mmoja inaanza papo hapo, inamaliza Jumamosi alfajiri, na tishu zinakaa kwenye nta ya moto hadi Jumatatu. Tumia kuchelewesha mwanzo, na kapu lisubiri kwenye formalini. Usilisubirishe kwenye alkoholi kamili, wala zailini, wala nta.

Vinofu vya sindano na vya kamera ya tumbo vipewe programu yao fupi. Kama kaseti ni chache na huwezi kuendesha mara mbili, vinofu visubiri zamu yao kwenye formalini.

Mashine inajaza polepole, inalia, au inakataa kuvuta hewa

Haya yanahusu zaidi mashine ya chumba kilichofungwa, ambayo tishu hukaa mahali pamoja na dawa ndizo zinazoingia na kutoka kwa pampu.

Ukiona chembe nyeupe kama chumvi kwenye kuta za chumba, au kwenye tishu yenyewe, hiyo kweli ni chumvi. Formalini yetu iliyosawazishwa ina fosfeti ya sodiamu, na fosfeti haiyeyuki kwenye alkoholi kali. Ukiitoa tishu kwenye formalini na kuitumbukiza moja kwa moja kwenye 95%, chumvi inaganda njiani: kwenye mirija, kwenye vali, kwenye wavu wa chini. Baada ya miezi mashine inachukua muda mrefu kujaza, kisha kengele inalia. Alkoholi ya kwanza isizidi 70%. Chumvi iliyokwisha kuganda inatoka kwa maji ya moto, kama kitabu cha mashine yako kinaruhusu. Yawe maji yaliyokenekwa, kwa sababu maji ya visima vya pwani yana chumvi yake. Baada ya maji pitisha alkoholi, la sivyo umejitengenezea ile shida ya maji kwa mkono wako.

Kizuizi cha pili ni nta. Mzunguko wa kusafisha ukirukwa, nta inaganda kwenye mirija, na kapu linalofuata linapata formalini yenye utando wa mafuta. Usianze mzunguko mpya bila kusafisha kwa zailini na kisha alkoholi, hata kama daktari amesimama mlangoni.

Hewa isipovutwa, tazama mpira wa mfuniko kabla ya kitu kingine. Tone moja la nta juu yake linatosha. Lifute kwa kitambaa cha moto na kikwangulio cha plastiki. Wembe utaukata mpira, na mpira mpya hausafiri haraka kuja Malindi. Kisha fungua wavu wa chini: mara ngapi nimekuta vifuniko vya kaseti vilivyovunjika na nyuzi za upasuaji! Kama mashine inasema chumba kimejaa ilhali unaona hakijajaa, futa kihisi cha kiwango. Utando wa nta unakidanganya.

Stima ikikatika usiku

Ukifika ukakuta taa zinamweka na saa imerudi sifuri, usibonyeze kitufe cha kuendelea. Unahitaji majibu matatu kwanza: kapu lilikuwa katika dawa gani, limekaa hapo muda gani, na je, tishu zilikuwa zimezama au zilikuwa hewani?

Zikiwa kwenye formalini, pumua, ziko salama. Kwenye alkoholi ya 70% pia unaweza kuendelea bila hofu kubwa. Kwenye alkoholi kamili au zailini kwa saa nyingi, endelea lakini toa vinofu vidogo uvipitishe mbele kwa mkono, kwa sababu ndivyo vitakavyokauka. Kwenye nta iliyoganda, washa na usubiri iyeyuke yenyewe hadi chini kabisa. Usivute kapu. Nimeona mkono wa mashine ya mzunguko ukipinda kwa haraka ya dakika ishirini.

Mbaya kuliko zote ni kapu lililokatikiwa likiwa katikati ya kikombe na kikombe, likaning'inia hewani hadi asubuhi. Tishu zinakuwa kahawia na kukunjamana. Usizitupe. Tengeneza mchanganyiko wa sehemu 30 za ethanoli ya 96%, sehemu 50 za formalini ya 1% na sehemu 20 za kaboneti ya sodiamu ya 5%. Ziloweke hadi zilainike, kisha zianzie upya kwenye alkoholi ya 70%. Hazitakuwa nzuri kama zamani, na daktari lazima aambiwe kilichozipata kabla hajaweka jicho kwenye darubini, lakini mara nyingi zinasomeka.

Nta ina mtego wake. Stima ikikatika jioni na kurudi usiku wa manane, nta ngumu inahitaji saa nyingi kuyeyuka. Mashine nyingine zinasubiri, na tishu zinasubiri nazo ndani ya zailini. Kwa hiyo kabla ya kwenda nyumbani usitazame taa tu. Fungua bakuli la nta ulitazame kwa macho.

Kuhusu betri, ile ndogo ya kompyuta haitoshi, kwa maana hita za nta zinakula moto mwingi. Muulize fundi mashine yako inahitaji wati ngapi, ndipo ununue. Jenereta ikiwapo, bado unahitaji betri ya kuziba zile sekunde za kubadilisha, kwa sababu katika sekunde hizo ndipo mashine inasahau ilikuwa wapi.

Upepo wa bahari

Viungo vya nyaya vinafanya kutu ya kijani. Dalili yake ni kasoro inayokuja na kuondoka: leo joto linasoma 60, kesho 48, keshokutwa sawa. Mwombe fundi afungue mgongo wa mashine na kusafisha viungo mara mbili kwa mwaka, na ahamishe mashine mbali na dirisha.

Kapu zima baya, na dawa zote mpya

Hii inatisha kwa sababu inakuja siku ile ile uliyofanya kazi vizuri. Dawa zimebadilishwa, kila chupa inang'aa, na tishu zote zimetoka zenye mafuta na viini vya seli zake vimefifia. Vuta kila chupa, nusa kwa mbali, pima. Yamkini mbili zimebadilishana nafasi. Alkoholi na zailini zote machoni ni kama maji safi yasiyo na rangi, na usitegemee mashine ikuonye. Ilitupata mara moja, na tangu hapo anayemimina si anayekagua; majina mawili daftarini, kila chupa.

Kuokoa kapu kama hilo ni kurudi nyuma taratibu. Yeyusha nta, pitisha zailini, alkoholi kamili, 95%, hadi 70%, kisha formalini kama haikuwa imeiva, na uanze safari upya kwa dawa ulizozipima. Lakini kata kwanza slaidi moja au mbili uzione. Kama zinasomeka, mwache daktari aamue, kwa sababu kuchakata mara mbili kunaweza kuharibu vipimo vya baadaye vya kingamwili, na mgonjwa wa saratani ya titi atavihitaji. Fungua madirisha na uwashe feni ya kutolea hewa, kwani zailini ya moto ni hatari kwa kifua na kwa moto pia.

Kabla ya kurudisha tishu za wagonjwa

Fundi ameondoka, au wewe mwenyewe umebadilisha dawa zote. Usiweke kinofu cha mtu usiku huo. Nenda sokoni ukanunue figo na ini la mbuzi. Kata vipande vya milimita 3, viache kwenye formalini saa 24, vitie kwenye kaseti, na uzigawe safu ya juu, ya kati na ya chini. Endesha programu kamili ya usiku. Asubuhi kata, paka rangi ya kawaida, tazama viini vya figo: mipaka yake iwe wazi, na vipande visiwe na matundu. Linganisha juu na chini. Safu zote zikiwa sawa, bandika tarehe kwenye mlango wa mashine, weka bloku hizo kwenye droo kwa kulinganishia siku nyingine, na upakie kapu la wagonjwa.